Wakala anasema "nenda na viza ya matembezi, kibali utapata hukohuko Dubai": ni kawaida au napigwa?

Mleta uzi umesema umepata kazi ya mapokezi hotelini Dubai kupitia wakala wa Dar, anataka milioni kadhaa, na mpango wake ni uingie kwa viza ya matembezi halafu mwajiri akubadilishie. Wadau wengi wamekujibu kwa mkato: utapeli, kimbia. Huenda ni utapeli kweli, lakini jibu hilo halikusaidii kumjua wakala wa kesho atakayekuja na maneno tofauti.

Nilikuwa mandubu wa kampuni ya usafi kule, yaani yule mtu anayekimbizana na makaratasi ya kampuni serikalini: leo Tasheel (kituo cha huduma za wizara ya kazi), kesho Amer (cha uhamiaji), keshokutwa kituo cha afya na watu wa kupimwa damu. Nimerudi Tanga sasa, lakini bado naulizwa swali lako hili mara kwa mara.

Jambo la kwanza, kibali cha kazi Emirati hakiombwi na wewe wala wakala wako. Kinaombwa na kampuni, kwa leseni yake, kutoka wizara ya kazi ambayo wote kule wanaiita MOHRE. Kampuni ina idadi ya viza iliyoruhusiwa. Ikijaza nafasi zake, haiwezi kukuajiri hata bosi akupende vipi. Na ada hazilingani. Wizara imezipanga kampuni katika madaraja matatu, na kibali cha miaka miwili kinaanzia dirham 250 kwa daraja la kwanza, 1,200 kwa la pili, hadi 3,450 kwa la tatu. Hapo bado vipimo, kitambulisho, bima na ada za uhamiaji. Kwa hiyo kwa kampuni ndogo kila mtu mpya ni gharama inayouma, na ndiyo maana bosi anatamani akuone kwanza kabla hajalipa chochote.

Viza ya matembezi inampa nafasi hiyo. Tiketi umelipa wewe, viza umelipa wewe, kitanda cha Deira, mtaa wa Dubai, unalipa wewe, yeye anakuangalia tu. Akikupenda anaomba kibali, usipomfaa anachukua mwingine, maana wanaotafuta kazi kwa viza ya matembezi kule hawaishi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapochanganya. Kubadili hadhi ukiwa ndani ya nchi, kutoka mgeni wa matembezi kuwa mfanyakazi, si kosa. Kuna utaratibu wake rasmi na ada yake, nami nimewafanyia watu wengi tu. Kosa ni kuanza kazi kabla kibali hakijatoka. Haijalishi wameiita "majaribio", "mafunzo" au "wiki moja tu tukuone". Tangu mwaka 2024 mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali anaweza kupigwa faini ya dirham 100,000 hadi milioni moja. Unaweza kudhani hilo linakulinda wewe. Linamtia hofu bosi, naam, ila hofu ikimpata wa kwanza kuambiwa "usije kesho" ni wewe. Na hapo una nini mkononi? Huna mkataba uliosajiliwa, mshahara wako haupiti kwenye mfumo wa WPS ambao wizara inautumia kufuatilia malipo, na ukienda kulalamika utaanza kwa kukiri kwamba ulifanya kazi bila kibali. Huku siku za viza zinakatika, na zikiisha ni dirham 50 kwa kila siku unayozidisha.

Kwa hiyo usimuulize wakala "ni viza gani?". Muulize "barua ya ofa iko wapi?". Simaanishi ile ya Word yenye nembo ya hoteli na muhuri wa bluu, hiyo hata mtoto wa sekondari anaitengeneza. Barua ya ofa ya wizara hutoka kwenye mfumo wenyewe, kwa Kiarabu na Kiingereza, na ina namba ya muamala inayoanza na herufi MB. Namba hiyo unaikagua kwenye tovuti ya MOHRE, sehemu ya huduma za kuulizia, ukiwa umekaa zako Mbagala. Kampuni inayokutaka kweli inaweza kuitoa kabla hujapanda ndege, kwa sababu hatua hiyo inafanyika kwa nakala ya pasipoti yako na picha. Baada ya hapo ndipo inatoka ruhusa ya kuingia kwa ajili ya kazi, ambayo inakupa siku 60 za kukamilisha mengine.

Angalizo moja: kampuni zilizo kwenye maeneo huru ya biashara, kama JAFZA au DMCC, vibali vyao vinatolewa na mamlaka ya eneo husika, hivyo namba ya MB usiitegemee. Lakini hoteli ya Deira au Bur Dubai haiko huko. Akikuambia "sisi ni eneo huru" kwa hoteli ya mtaani, hapo mshtukie.

Barua ikija, isome kama unayesoma hati ya kiwanja. Angalia mshahara wa msingi peke yake, usiangalie jumla. Ukiambiwa dirham 2,000, inaweza kuwa msingi 800 na zilizobaki ni posho. Kiinua mgongo kinapigwa kwa msingi tu, siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kwa hiyo msingi mdogo unakula jasho lako kimyakimya. Angalia pia cheo. Kazi za ofisini na mapokezi kwa kawaida hudai cheti cha shule kilichothibitishwa: Wizara ya Mambo ya Nje ya kwetu, ubalozi wa Emirati Dar, kisha wizara yao ya nje. Wakala akisema "cheti hakihitajiki" kwa kazi ya mapokezi, mara nyingi maana yake kibali kitaandikwa kazi nyingine, na ninayoijua mimi ni ya usafi. Si kwamba usafi ni kazi mbaya, nimekula mkate wake. Ila mshahara utafuata kilichoandikwa, hautafuata ulichoahidiwa kwa WhatsApp.

Kuhusu hizo milioni: sheria ya kazi ya Emirati, ile ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma upo. Utakuta makato ya "gharama za viza" kila mwezi, au karatasi ya deni unayosainishwa siku ya kwanza ukiwa na usingizi wa safari. Usisaini. Sheria hiyohiyo inamkataza asishike pasipoti yako, ingawa maofisini bado kuna makabati yamejaa pasipoti za watu. Kwa huyo wakala wa Dar, kabla hujampa hata senti ulizia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama amesajiliwa. Wa Kenya mna orodha ya NEA, mamlaka yenu ya ajira, iangalieni.

Afya nayo wengi wanaidharau. Ukishaingia utapimwa damu na kupigwa picha ya kifua. VVU na kifua kikuu ndivyo vinavyowarudisha watu, na kwa mgeni mpya hata kovu la TB ya zamani kwenye picha linaweza kukuletea shida, hata kama ulipona miaka mingi iliyopita. Piga eksirei hapa nyumbani kwanza. Inaumiza sana kumsindikiza mtu uwanja wa ndege akirudi na deni la tiketi kwa jambo ambalo hospitali ya mkoa ingemwambia mapema.

Ukipita hapo ni alama za vidole, bima na Emirates ID, yaani kitambulisho cha ukaazi. Ile stika ya ukaazi kwenye pasipoti iliondolewa 2022, kwa hiyo usiogope usipoiona.

Dada aliyeuliza hapo juu kuhusu mdogo wake anayetaka kwenda kazi za ndani: huyo yuko chini ya sheria nyingine, ya mwaka 2022, na njia yake ni ofisi zilizoidhinishwa za kazi za ndani. Ana haki ya siku moja ya mapumziko kwa wiki na siku 30 za likizo kwa mwaka. Kwake yeye viza ya matembezi nakataa kabisa, bila mjadala. Mtu wa hotelini akikwama anatoka mlangoni na kukutana na watu. Wa kazi za ndani yuko ndani ya nyumba ya mtu.

Mleta uzi, mwambie wakala leo hii akutumie barua yenye namba ya MB na jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni, maana jina la hoteli na jina la kampuni huwa tofauti. Akikuletea, funika jina lako na namba ya pasipoti, iweke hapa, nitakuonyesha pa kuangalia.