Bomu lililokuwa chini ya mtaa wako

Mwanangu Rehema,

Barua yako niliisoma kwanza nikiwa jikoni, halafu nikaisoma tena barazani baada ya magharibi, taratibu. Unasema Jumatano mliamshwa alfajiri, mtaa mzima wa Oranienburg, huko Ujerumani mnakokaa, ukatolewa nyumbani, kwa sababu mafundi walikuta bomu la Marekani la tangu wakati wa vita vya pili vya dunia. Mkakaa kwenye ukumbi wa michezo mpaka usiku, wewe na yule bibi wa miaka tisini unayemhudumia. Bibi akakushika mkono akakwambia siku ndege zilipokuja yeye alikuwa mtoto. Na nyuma yako mfanyakazi mwenzako akanong'ona, "Walijitakia wenyewe." Sasa unaniuliza: "Mama, nimwonee huruma, au mwenzangu ndiye mkweli?"

Mwonee huruma, mwanangu. Jibu langu ni hilo. Lakini mwenzako naye hakusema uongo mtupu, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Tangu uhamie huko nimekuwa nikiuliza habari za mji huo kama mtu anavyouliza habari za ukoo wa mchumba. Siku anayoikumbuka bibi huenda ni Alhamisi, Machi 15, 1945. Ndege za Marekani zaidi ya 600 aina ya B-17 ziliruka kutoka Uingereza hadi hapo. Kila moja ilikuwa na injini nne na vijana tisa au kumi ndani yake, na Wamarekani wenyewe waliziita Ngome za Angani. Vita vya Ulaya vilikuwa vimebakiza chini ya miezi miwili kwisha. Walichokifuata ni kiwanda cha Auer, kilichokuwa kikisafisha urani, madini ya kutengenezea bomu la atomiki. Aliyeomba kipigwe ni Jenerali Leslie Groves, Mmarekani aliyesimamia mradi wa nchi yake wa bomu hilo, na hofu yake haikuwa Wajerumani peke yao. Warusi walikuwa wanakaribia, na hakutaka wakikute kiwanda kikiwa kizima. Kwa hiyo mji wako ulipondwa ili mshirika wa vita asipate mali.

Na urani yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Wabelgiji waliokuwa wakiitawala Kongo waliichimbisha wakaipeleka kwao, na Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940 wakaichukua. Migodi ya Katanga ilikuwa ikiongea Kiswahili, mwanangu. Nilipolijua hilo niliweka kitabu chini nikakaa kimya. Mgodi huohuo ndio uliowapa Wamarekani urani ya bomu la Hiroshima, lililodondoshwa na ndege kubwa zaidi ya hizo, B-29, Agosti 6 mwaka uleule. Wachimbaji hakuna aliyewaambia kitu.

Lakini kitu kilichoninyima usingizi ni kidogo kuliko hayo yote. Ni kiwashio, kile kifaa kinacholilipua bomu.

Mabomu mengi yaliyodondoshwa hapo siku ile hayakutengenezwa yalipuke yakigusa ardhi. Ndani ya kiwashio kilichofungwa mkiani mwa bomu kuna kichupa cha kioo chenye asetoni. Asetoni unaijua, ndiyo ile dada yako Mwanaidi anayofutia rangi ya kucha pale saluni, ile inayonifanya nifungue madirisha yote. Mbele ya kichupa kuna visahani vyembamba vya selyuloidi, aina ya plastiki ya zamani, vinavyoishikilia pini yenye springi. Bomu likishuka, upepo unazungusha kifeni kidogo mkiani, skrubu inasonga, kichupa kinavunjwa. Asetoni inadondokea selyuloidi na kuilainisha kidogo kidogo. Ikishalegea, pini inafyatuka. Kutegemea unene wa vile visahani, hayo yangeweza kuchukua saa chache, au siku mbili, hata siku sita.

Kwa nini mtu mwenye akili zake akae mezani abuni kitu kinachosubiri? Ili lilipuke watu wakiwa wameshatoka mahandakini. Ili wanaotaka kuzima moto wasithubutu kuusogelea, wanaotengeneza reli waache, na wanaofukua kifusi kutafuta walio hai wafe pamoja nao. Na wauguzi, Rehema. Wenye kazi kama yako.

Hapo ndipo ninaposema haikuwa halali. Nimesikia hoja zote, kwamba vita ni vita, kwamba Ujerumani ndiyo iliyoanza kuchoma miji ya wenzake, Warszawa, Rotterdam, London. Ni kweli iliichoma. Lakini kumvizia anayekuja kuokoa ni jambo ambalo siwezi kulihalalisha kwa upande wowote, hata upande niliotamani ushinde.

Ardhi ya Oranienburg ikavuruga hesabu zao. Juu ni mchanga laini, chini kuna tabaka la kokoto. Bomu lilizama mchangani, likagonga kokoto, likageuka na kutulia pua ikiwa juu na mkia chini. Likikaa hivyo asetoni inatiririka upande mwingine na haiifikii selyuloidi. Basi likabaki limelala na saa yake haijamaliza. Tangu mwaka 1990 wamekwisha kuyapata zaidi ya 200 katika mji mmoja huo. Mwaka 2013 walikuta bomu ambalo halikuweza kuteguliwa, wakalilipua palepale, na nyumba ya familia iliyokuwa juu yake ikaenda nalo. Na yanavyozeeka hayapoi. Selyuloidi inakauka na kuwa kama kigae, inaweza kukatika yenyewe bila mtu kugusa. Mwaka 2010 kule Göttingen bomu lenye kiwashio cha namna hii liliwaua wategua mabomu watatu kabla hawajaanza hata kazi. Walikuwa wazoefu.

Wanayatafutaje? Kwa picha zilizopigwa na ndege za wale wale waliodondosha. Baada ya mashambulizi walirusha ndege za upelelezi kupiga picha waone wameharibu kiasi gani. Leo wataalamu wanazikodolea macho picha hizo: shimo kubwa maana yake lililipuka, kitundu kidogo cha duara maana yake huenda limo bado. Nilipenda kulijua hilo. Anayetegua anatumia macho ya aliyedondosha.

Sasa mwenzako aliyenong'ona. Tunasema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kisima kilichochimbwa Oranienburg kilikuwa kirefu. Kambi ya mateso ya Sachsenhausen iko hapohapo mjini, wewe mwenyewe uliniambia basi lako hupita karibu. Ilianza mwaka 1936 na watu zaidi ya 200,000 walifungwa humo. Na mmoja wao ni wa kwetu.

Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na vita vya kwanza vilipoanza alikuwa na miaka kumi tu naye akatumikishwa na jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Alipokua akafanya kazi melini, akafika Berlin mwaka 1929, akadai mishahara yao ya vita, yake na ya baba yake, wakamnyima. Akabaki huko. Alikuwa mhudumu wa hoteli, aliigiza filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja hapa Tanga, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulitaja jina lake darasani, maana sikulijua. Linaniuma. Mwaka 1941 walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, hakufikishwa hata mahakamani, wakamtupa Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944.

Kwa hiyo mwenzako akisema serikali ile ilistahili kupigwa vita mpaka ianguke, nami nasema ilistahili. Laiti ingeanguka miaka mitatu mapema, mwalimu yule angetoka mzima. Lakini bibi yako alikuwa na miaka kumi, na kisima hakukichimba yeye. Tena kiwanda cha Auer kilikuwa na wanawake wafungwa wa kambi hiyo hiyo, wakitumikishwa kutengeneza barakoa za gesi. Ndege zilipofika Machi 15, nao walikuwa chini.

Vijana waliokuwa juu siwachukii, na wewe usiwachukie. Mbavu za B-17 nyingi zilikuwa wazi kwa ajili ya wapiga bunduki, baridi ikishuka nyuzi arobaini chini ya sifuri. Jeshi lao la anga la Nane peke yake lilipoteza watu zaidi ya 26,000, wengi hawajafika umri wako. Wazee wanaosimama makumbusho mbele ya ndege hizo wakilia, wana haki ya kulia. Ila naona watu hupenda kupiga picha na ndege, maana ndege inapendeza, ina michoro puani na mabati yamesuguliwa yanang'aa. Upande wa pili wa urithi huo ni mtu aliyepiga magoti shimoni Jumatano iliyopita, koleo mkononi, mji mzima umehama akabaki yeye. Huyo ndiye niliyemwombea dua, kabla hata sijakujibu.

Nina mambo mawili ya kukutuma. Ukipata siku ya mapumziko nenda Berlin, mtaa wa Brunnenstraße. Mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi mwalimu wetu wameweka tangu mwaka 2007 kijiwe cha shaba njiani, chenye jina lake. Kifute vumbi, umsomee Fatiha kwa niaba yangu.

La pili, paspoti, kibali cha kuishi na cheti chako cha chuo viweke kwenye mkoba mmoja karibu na mlango, na chaja ya simu. Dawa za bibi za siku tatu ziandike kwenye karatasi ubandike ndani ya mkoba wake, zisisahauliwe hata na anayepokea zamu. Na siku wakija tena kugonga, usingoje kuvaa vizuri. Mvike bibi koti, mfunike miguu, mtoke.

Mama yako,
Chumbageni, Tanga