Lumeni nyingi si kumulika mbali

SWALI: Nalinda shamba la mahindi na usiku nguruwe pori wananisumbua. Dukani nimeonyeshwa tochi mbili, moja ya lumeni 1,000 na nyingine ya 400, lakini muuzaji anasema hiyo ya 400 ndiyo inayopiga mbali. Ipo na ya tatu, bei chee, imeandikwa lumeni 100,000. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, huenda muuzaji anasema kweli. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, uwe umeelekea mbele au umetapakaa pembeni. Ukali wa mwali wenyewe hupimwa kwa kandela. Reflekta pana na yenye kina huukusanya mwanga katikati, kwa hiyo tochi ya lumeni chache inaweza kuwa na kandela nyingi.

Kwenye boksi tafuta maandishi ANSI FL1, yaani kiwango cha Marekani cha kupima tochi. Kwa kipimo hicho, umbali kwa mita ni mara 2 ya kipeuo cha pili cha kandela. Tochi ya kandela 6,400 hufika mita 160; ya kandela 22,500 hufika mita 300, hata kama lumeni zake ni 400 tu. Ila usiutegemee umbali huo wote: mwisho wake mwanga umebaki laksi 0.25 (laksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu), sawa na mbalamwezi. Kumtambua mnyama, hesabu nusu yake, ambapo utapata laksi 1. Kwako wewe, chukua ya 400 ikiwa kandela zake zinazidi za mwenzake. Ile ya 1,000 itafaa zaidi kuzunguka nyumba, maana inaangaza eneo pana.

Hiyo ya 100,000 iache dukani. Betri moja ya 18650, ile ya lithiamu ya kuchaji inayotumika kwenye tochi nyingi, yenye mAh 3,000 na volti 3.7 hubeba takriban Wh 11, yaani wati 11 kwa saa moja. Tochi nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa wati moja, hivyo lumeni 100,000 zingehitaji wati 1,000. Betri hiyo ingekwisha kwa sekunde 40, tena kama isingeungua kwanza. Ukikuta 18650 imeandikwa mAh 9,900, ni uongo wa aina ileile.

SWALI: Boksi langu halina kandela. Naweza kupima mwenyewe?

JIBU: Unaweza, kwa simu yenye programu ya kupima laksi. Chaji betri ijae, zima taa zote, weka simu mita 5 kutoka kwenye tochi, washa na usubiri sekunde 30, maana nyingi hushusha mwanga zikipata joto. Elekeza kiini cha mwali kwenye kihisio cha mwanga, ambacho kwa kawaida kipo juu karibu na spika ya sikioni, kisha zidisha laksi kwa 25. Ukipata laksi 400, hizo ni kandela 10,000. Usipime kwa mita 1. Mwali unakuwa haujajikusanya na jibu litapotoka. Vihisio vya simu hutofautiana sana, kwa hiyo linganisha tochi zako kwa simu moja tu.

Muda wa betri nao una mtego. FL1 huhesabu mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa sekunde ya 30. “Saa 5” za kwenye boksi zinaweza kuwa dakika chache za mwanga mkali, zilizobaki hafifu. Washa tochi nyumbani, pima laksi kila baada ya dakika 10 bila kuisogeza, uone inapoanza kuporomoka.