Viwanda vinafukuzia, nchi inabaki palepale

Swali: Nimechukua nchi zaidi ya 100, nikalinganisha tija (thamani inayozalishwa) ya kila mfanyakazi mwaka 1960 na kasi ya ukuaji wake hadi 2000. Nilitarajia zilizokuwa nyuma zikue upesi zaidi, lakini mstari wa grafu umelala tambarare. Nikibakiza nchi tajiri pekee, unateremka vizuri: zilizoanzia nyuma zimekua upesi zaidi. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako haina kosa. Mteremko ule mzuri ndio wa kutiliwa shaka. Mwaka 1986 mwanauchumi William Baumol aliupata kwa nchi 16, kuanzia 1870 hadi 1979. Miaka miwili baadaye mwanauchumi mwenzake, Bradford De Long, akauliza nchi hizo zilichaguliwaje. Zilikuwa zile zilizoishia kutajirika! Alipoingiza zilizoonekana kuwa na mwelekeo mzuri mwaka 1870, zikiwemo Argentina, Chile na Ureno, uhusiano ukayeyuka. Ukichagua washindi mbio zikiisha, bila shaka utakuta walioanzia nyuma ndio waliokimbia zaidi.

Tena mwanauchumi Robert Solow, katika nadharia yake ya ukuaji ya mwaka 1956, hakuahidi kwamba maskini atamfikia tajiri. Katika modeli yake kila nchi huelekea kiwango chake yenyewe, kutegemea akiba, ongezeko la watu na teknolojia. Ingiza akiba na elimu kwenye mlinganyo wako, na mteremko utajitokeza. Makadirio maarufu ni asilimia 2 kwa mwaka, yaani nusu ya pengo huzibwa kwa miaka 35 hivi. Hapo wanafunzi wengi huteleza: pengo hilo ni kati ya nchi na kiwango chake, si kati yake na Marekani.

Sasa tuje kwenye sehemu tamu. Mwaka 2013 mwanauchumi Dani Rodrik alitazama viwanda rasmi peke yake, akakuta tija yake inakaribiana kati ya nchi na nchi bila masharti yoyote, yaani bila kuhitaji kuingiza akiba wala elimu, hata penye serikali dhaifu. Mbona basi nchi nzima haisogei?

Chukua wafanyakazi 100. Tisini wako shambani, kila mmoja anazalisha 1. Kumi wako kiwandani, kila mmoja anazalisha 10. Jumla 190, wastani 1.9. Kiwanda kinanunua mashine, tija inapanda hadi 15, lakini wawili wanapunguzwa na kurudi shambani. Sasa ni 92 jumlisha 120, wastani 2.12. Tija ya kiwanda imeruka asilimia 50. Ya nchi haikufika hata 12. Wale wawili wangebaki, ingepanda asilimia 26.

Kwa hiyo usiishie kwenye wastani wa taifa. Gawanya tija kwa sekta, kisha pima kando mchango wa watu kuhama kutoka sekta moja hadi nyingine. Halafu rudia hesabu yako ya awali ukianzia 2000 badala ya 1960: utaona mstari umeanza kuinama, ingawa taratibu sana.