Kwa mleta uzi wa Tanga: usimruhusu fundi aguse breki ya mbele

Usiipeleke hiyo pikipiki kwa fundi. Kama umeshaitoa nje irudishe ndani kwanza, usome hapa.

Umeuliza mengi: helmeti ipi ununue, leseni uanzie wapi, uanze na lami au na vumbi, mvua ufanyeje, na kama mtu mgeni wa pikipiki anaweza kwenda Muheza kazini na kurudi Tanga kila siku. Halafu katikati ukapitisha kama si kitu kwamba fundi wako "atailegeza kidogo breki ya mbele mpaka nizoee, maana kwa anayejifunza ni hatari". Hapo ndipo chai yangu ilipopoa. Hayo mengine tutayafikia, Mungu akipenda.

Mimi nililegezewa. Aliyenifundisha ni braza mmoja wa kijiwe cha jirani na kwetu Ngamiani, mkongwe wa bodaboda, anaendesha na kandambili, na mtaa mzima ulikuwa ukimwita mwalimu. Somo lake la kwanza pale viwanja vya Tangamano: "Hiyo ya mkono isahau, ukiigusa inakupindua. Breki ni mguu." Akachukua spana, akaizungusha nati ya waya wa breki ya mbele mpaka mkono wa breki ukawa unacheza tu. Nikamlipa. Nikamwongezea na soda, mwenye akili zangu.

Mtaani haikuwa na shida yoyote. Ngamiani huwezi kukimbia hata ukitaka: baiskeli, bajaji, watoto, mama wa vitumbua, na kila ukisogea kidogo barabara nyingine yenye namba inakukata. Kwa mwendo ule mguu unatosha, ndiyo maana niliamini.

Siku ya siku natoka Pongwe narudi mjini. Peke yangu, lami kavu, jua bado lipo, mwendo 60 hivi. Sikuwa nimelewa na sikuwa na simu sikioni, niliweke wazi hilo kabla hamjaanza. Karibu na Kange bajaji iliyokuwa imepaki pembeni ikaingia barabarani bila indiketa. Nikakanyaga breki ya mguu mpaka mwisho. Tairi la nyuma likagoma kuzunguka, likaanza kuserereka, tako la pikipiki likaenda kushoto na mimi nikaenda kulia. Bajaji haikuguswa hata rangi. Dereva wake akashuka, akaniangalia nilivyolala, akauliza, "Vipi, umeteleza?" Nikamwambia hapana, napumzika.

Mtulinga ulivunjika. Kiwiko kina rangi mbili hadi leo. Mtu mzima mwenye ndevu zangu nikawa navalishwa shati na mama kila asubuhi, na kazini mshahara ukasimama kwa sababu kazi yenyewe ni ya kutwa. Pikipiki nayo ilikuwa bado na deni. Ukijumlisha hospitali, matengenezo na siku za kukaa bure, hela ile ningepata nyingine, hata kama ni ya mkononi.

Ila kilichoniuma kuliko mfupa ni yule kijana aliyeinua pikipiki. Aliuvuta mkono wa breki ya mbele, ukaja wote mpaka ukagusa mshikio wa mafuta. Akalisukuma tairi la mbele kwa mguu, likazunguka kama kawaida. Akaniuliza, "Mzee, hii breki nani ameizima?" Pale kwenye lami kulikuwa na mchirizi mmoja tu mweusi, wa tairi la nyuma, umenyooka halafu umepinda.

Sasa sikiliza, maana hili mwalimu wangu hakuniambia. Ukishika breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. Nyuma panakuwa pepesi, tairi halina cha kulikandamiza chini, kwa hiyo ndilo linalowahi kuserereka. La mbele linakandamizwa, linashika zaidi. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusimamisha. Na kwa mwendo wa 60 kila sekunde unakula karibu mita 17, yaani kabla hujagusa chochote, ukiwa bado unashangaa tu, mita 17 zimeshaondoka. Ukitumia breki zote mbili vizuri, ongeza nyingine kama 20 hivi ndipo usimame. Ukitumia mguu peke yake, hizo 20 zinaweza kukaribia mara mbili. Bajaji haitakusubiri.

Mbona wakongwe wanatumia mguu na wako hai? Nimelifikiria sana hili nikiwa nimefungwa mkono shingoni. Bodaboda muda mwingi ana abiria nyuma, wakati mwingine mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na mwendo wake wa mjini ni mdogo. Ule uzito wa abiria ndio unaolishikilia tairi la nyuma chini. Kwa hiyo mguu unamtii, naye anadhani ni ufundi wake. Mshushe abiria, mpeleke barabara ya Segera peke yake na 70, umwambie akanyage.

Na huyo braza, naomba mnisamehe, alikuja kuniona na machungwa. Akakaa, akatikisa kichwa, akasema, "Una bahati hukugusa ya mbele, ungekufa." Nilikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi, ndicho kilichomwokoa. Mtu hana leseni, hajui hata kwa nini anachofundisha kinafanya kazi kinapofanya, lakini spana anayo na wanafunzi anao. Mpaka kesho bado analegeza za watu.

Kweli ya mbele inaweza kukuangusha, sitakudanganya. Inakuangusha ukiibana ghafla kwa kiganja chote, ukiishika huku usukani umekata kona, au juu ya mchanga na tope. Dawa si kuizima, dawa ni kujifunza kuishika. Kamua kama unavyokamua chungwa la Muheza kwenye glasi: unaanza taratibu, ukiona limekubali unaongeza. Mguu unasaidia kwa upole tu. Pikipiki iwe wima, usukani umenyooka, macho mbele, siyo kwenye kitu unachoogopa kukigonga.

Tafuta kipande cha lami kisicho na watu asubuhi. Anza na mwendo wa 20, simama kwa breki zote mbili. Ukizoea nenda 30, kisha 40. Rudia mpaka mkono uanze wenyewe bila kuuambia, kwa sababu siku ya bajaji hutakuwa na nafasi ya kukumbuka uzi huu. Ukiwa mjini weka vidole viwili juu ya mkono wa breki muda wote. Mimi hata nikiendesha baiskeli ya mdogo wangu vidole viko pale, wananicheka, wacheke.

Kwenye vumbi na mchanga punguza mwendo mapema, ya mbele iguse kidogo sana, mguu ndio ufanye zaidi. Lami ikiloa, tumia hizo hizo breki zote mbili, ila anza kushika mbali zaidi na ukamue polepole zaidi. Na reli ivuke ukiwa umenyooka, usiikate kwa ulalo, chuma kilicholoa hakina urafiki na tairi.

Helmeti: ikukae kichwani bila kucheza na ufunge kamba. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja kwamba helmeti hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69, lakini hiyo ni ikiwa kichwani, siyo ikining'inia kwenye kiwiko trafiki asipokuwepo. Leseni ni daraja A au A1, kutegemea ukubwa wa injini, nenda chuo kinachotambulika ukasome, VETA, chuo cha ufundi cha serikali, wapo hapo hapo Tanga. Usijifunze kijiweni. Muheza usiende kwanza. Kulikuwa na swali jingine la bima nadhani, wadau watakujibu.

Leo kabla hujalala, nenda kwenye pikipiki yako uvute mkono wa breki ya mbele. Inatakiwa ianze kushika mapema, ukiwa bado mbali kabisa na mshikio. Ukija mpaka ukagusa mshikio, ujue huyo fundi ameshaanza bila kukuambia. Kesho iburute kwa fundi mwingine airudishe, kisha utuambie hapa ilikuwaje.