Msiwawashie taa kuku ambao hawajakua

Mwangaluka, wanangu. Siwezi kukaa kibarazani hapa Buhongwa, Mwanza, bila mmoja wenu kuja na trei mkononi: "Mama, kuku wangu wanakula vizuri ila mayai ni madogo." Nikiuliza mitetea ina wiki ngapi, anajua. Nikiuliza ina uzito gani, anatazama bati. Halafu anataka nimtajie dawa. Hakuna dawa ya kukuza yai. Vile vichupa vyenye picha ya yai linalong'aa ni vitamini, na vitamini haiwezi kurudisha nyuma miezi minne ya kulisha ovyo. Ukubwa wa yai unaandaliwa wakati kuku mwenyewe bado hajui kutaga, na ninyi mnaanza kuufuatilia yai likiwa kwenye trei.

Naandika kwa namba, msije mkasema sikusema.

1. Nunua mizani kabla ya kununua rangi ya banda. Kuku wa mayai wa kahawia akifika wiki ya 18 anatakiwa awe anakaribia kilo moja na nusu. Akianza kutaga na kilo moja na kidogo, ataanza na mayai madogo na ataendelea kuachwa nyuma na wenzake hata akiwa mzee. Pima kila baada ya wiki mbili, kuku mmoja katika kila kumi, alfajiri kabla hawajala. Wadogo watenge, maana wakubwa wanawafukuza kwenye vyombo. Kuku chotara kama Sasso na Kuroiler wana vipimo vyao. Kuku wa kienyeji msimdai yai la gramu 60, hajawahi kuwaahidi.

2. Taa. Hapa nikae kidogo.

Sisi Mwanza tuko jirani na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Kuku anayetaga anafanya vizuri zaidi akipata mwanga wa saa 14 hadi 16, ndiyo maana watu wanafunga taa bandani. Mwanga ukiongezeka, mwili wa mtetea unapata taarifa kwamba wakati wa kutaga umefika. Hilo ni kweli kabisa, na ndilo lililoniponza.

Lilikuwa kundi langu la kwanza la maana, baada ya miaka ya kufuga wachache wa sikukuu. Vifaranga walikua, mdondo nilichanja, Gumboro nilichanja, ndui nilichanja. Ila ada za Januari zilikuwa zinakuja na kikoba kilikuwa kinanidai. Muuzaji mmoja dukani akaniambia: mama, washa taa mapema, wape chakula cha kutagia, Krismasi utakuwa unaokota mayai. Sikuuliza mara mbili. Sikutaka kuuliza mara mbili. Wiki ya 13 banda langu lilikuwa linawaka usiku kucha, na majirani walidhani kuna msiba.

Walitaga mapema, siwadanganyi. Yai la kwanza nililipiga picha, nikalituma kwenye kikundi, nikapigiwa vigelegele na mwenyekiti akasema mkopo umepata mwenyewe. Mayai yalipotimia trei nikaipeleka kwa kijana wa chipsi pale stendi ya Nyegezi, ambaye nilikuwa nimemtambia tangu kuku wangu wana manyoya ya kwanza. Akachukua yai moja, akaliweka kiganjani, akafumba mkono. Yai likapotea. "Mama, haya ni ya kware?" Waliokuwa wanasubiri zege, yaani chipsi mayai, wakacheka mpaka mmoja akaniomba radhi.

Nikamwambia ni mayai ya mwanzo, yatakua. Mayai ya mwanzo ni madogo kwa kuku yeyote, hilo sikusingizia. Ila ya kwangu yalikua kwa kujivuta na yakaishia njiani. Na kilichouma zaidi hakikuwa yai. Ile mitetea ilikuwa bado haijakomaa nyonga. Ikisukuma, mji wa mayai unatoka nje na haurudi. Kuku naye akiona chekundu anadonoa. Nilikuwa naingia alfajiri nakuta mtetea umevutwa utumbo na wenzake, na bado uko hai, umesimama kwenye kona. Ukikuta hivyo huna la kufanya ila kuchukua kisu. Nikawa nachinja kabla ya kunywa chai.

Wengine walikufa bila jeraha lolote. Bwana mifugo akampasua mmoja mbele yangu, akanionyesha figo zilizovimba zenye mabaka meupe. Chakula cha kutagia kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kuku anayekua anahitaji kama asilimia 1 tu. Ile ziada yote figo ndizo zinazoihangaikia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani alikwambia?" Nikajikuta namtetea yule muuzaji, maana aliniambia nilichokuwa natafuta mtu wa kuniambia. Ada niliilipa kwa kuuza cherehani. Mume wangu hajawahi kulitaja jambo hilo, ila taa ya bandani ikiungua huwa ananiuliza kwa upole kama nina haraka ya kuibadilisha.

Sasa nawaona mnawasha taa wiki ya 10 "ili wale usiku wanenepe". Jamani! Kuku anayekua usimwongezee mwanga, na anayetaga usimpunguzie. Uzito ukishafika, na upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu, ongeza nusu saa kwa wiki. Ongeza alfajiri, ili jioni giza liwakute wanapanda vichanja wenyewe kwa utaratibu. Taa ikizimika ghafla usiku, wanalala walipo na wanakanyagana.

3. Dagaa. Mungu ametupa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba na bado mnalisha pumba tupu. Chakula cha kutagia kinataka protini ya asilimia 16 hadi 18, lakini protini si jina tu. Yai linafuata sana methionini, moja ya chembe zinazojenga protini, na mahindi na pumba ni maskini wa methionini. Dagaa ni tajiri wake. Sasa sikilizeni jambo ambalo wafugaji wa mikoani kwingine hawalijui: dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unalala na bei inapanda. Ninyi bei ikipanda mnapunguza dagaa kwenye mchanganyiko kimyakimya, baada ya siku chache mayai yanasinyaa, mnanijia mnasema ni upepo. Nunueni wakati wa giza, mkaushe vizuri, mhifadhi juu ya mbao.

Kabla ya kulipa, mwaga kiganja kimoja cha dagaa kwenye ndoo ya maji utazame kinachotuama. Wale wanaoanikwa chini wanabeba mchanga, na mchanga unapimwa kwenye mizani ileile. Pia wasizidi. Kilo 10 katika kila 100 ndio mwisho wangu, zaidi ya hapo yai linaanza kunukia ziwa, na mteja hatakuambia, atahama tu. Halafu dagaa wetu ni wa maji baridi, hawana chumvi. Mchanganyiko wa kilo 100 unahitaji chumvi kama nusu kilo hivi, bila hiyo kuku wanapunguza kula, yai linapungua na wanaanza kudonoana. Ukiwa umenunua dagaa waliotiwa chumvi, acha kuongeza, la sivyo watakunywa maji na kuharisha mpaka matandiko yawe tope.

4. Mashudu ya pamba. Usukumani kwetu yamejaa na bei yake inavutia macho. Kwa ng'ombe sawa. Kwa kuku wa mayai yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na yai likikaa siku kadhaa kiini kinageuka rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia. Mteja hapasui yai mbele yako. Anapasua nyumbani, mbele ya wakwe. Tumieni alizeti.

5. Maji. Ukiondoa ganda, robo tatu ya yai ni maji. Mtetea anayekula gramu 110 hadi 120 kwa siku anakunywa kama mara mbili ya hapo, na wakati wa joto zaidi. Tangi jeusi juu ya bati saa nane mchana linatoa maji ya kuogea mtoto mchanga; kuku hayagusi, na asipokunywa hali, na asipokula yai linakuwa dogo. Mlioko Mabatini na Igogo katikati ya mawe mna mzigo wa ziada, maana mwamba unatunza joto hata jua likishuka. Huko lisheni alfajiri na jioni, na maji wekeni chini ya kivuli. Nilimwambia hivyo jirani mmoja wa mlimani, akaenda kununua feni. Umeme ukakatika siku hiyohiyo.

6. Vidogo vidogo. Chokaa ya chembechembe wape jioni, maana ganda linajengwa zaidi usiku. Pumba laini za mpunga zikianza kunuka uchachu, mwaga. Mchicha unapendezesha kiini, haukuzi yai. Dawa ya minyoo usisahau. Chanjo ya mdondo usiiruke kwa sababu "safari hii hali ni shwari".

7. Si kila yai dogo ni hasara. Vijana wa mayai ya kuchemsha, wale wa ndoo na kachumbari, wanauza kwa moja moja, kwa hiyo watakuja wenyewe kuchagua madogo. Wa chipsi ndio wanaotaka makubwa. Jueni mnamuuzia nani kabla ya kulia.

Na yai kubwa nalo si ushahidi wa ufugaji mzuri. Kuku kadiri anavyozeeka yai linakua, ila ganda halina nyongeza ya kalsiamu, linatandazwa jembamba tu. Kijana wangu mmoja wa Igoma amenunua kundi zima kwa sababu aliona trei ya mayai makubwa mno mlangoni kwa muuzaji. Hakuuliza umri. Anaokota machache, na nusu ya hayo yanapasuka kwenye kiota. Nimemshauri awauze kwa supu kabla hawajammalizia chakula. Amenijibu kwamba anawapa muda kwanza wazoee banda.