Laptopu ya mwanafunzi wa uandishi wa habari: majibu kwa maswali yenu

Vyuo vinakaribia kufungua, na barua nyingi nilizopokea ni za wazazi na wanafunzi wa uandishi wa habari wanaotaka kununua laptopu. Nimechagua tano.

Binti yangu amepata nafasi Makerere kusomea uandishi wa habari. Fedha yangu inatosha laptopu mpya ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, au mtumba wenye nguvu zaidi. Mtumba nauogopa. Nichukue ipi? (Mama, Bwera)

Hongera, mama. Chukua mtumba, ila uwe ule uliotoka ofisini. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa zikiwa bado na nguvu. Zimetengenezwa zifunguliwe na kurekebishwa. Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 5490 zote zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo fundi anaweza kuongeza baadaye ukipata hela. Laptopu nyingi mpya za bei ya chini RAM yake imechomelewa kwenye bodi: ukinunua 4, utabaki na 4 mpaka mwisho. Binti akifungua Word, kurasa kumi za intaneti na rekodi ya mahojiano anayoinukuu, mashine itaanza kuhema.

Kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa mashine, nacho usikipuuze. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Angalia namba iliyo baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba. Hiyo ya saba muuzaji ataisifia sana kwa sababu ni rahisi. Iache. Tafuta RAM GB 8 kwenda juu na diski ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya GB 256. Diski ya zamani inayozunguka usiikubali hata kwa punguzo.

Jumamosi nakwenda Kampala kununua laptopu ya mtumba. Nitajuaje kama ni nzima? (Mwanafunzi, Masaka)

Nenda asubuhi, na usikubali kuharakishwa. Kwanza izime, iwashe tena, uingie kwenye mipangilio ya ndani kabla Windows haijafunguka: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, rudisha mashine mezani. Huenda bado ina kufuli la kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na kuna makufuli ambayo fundi wa mtaani hayawezi.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Utapata ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa umeshuka chini ya nusu, bei ya betri nyingine itoke kwenye bei ya laptopu. Hapo ndipo pa kupatana, maana ushahidi uko kwenye kioo na wote wawili mnauona.

Bonyeza kila herufi ya kibodi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Vaa spika za masikioni, rekodi sauti yako, uisikilize: atakayehariri habari za redio hawezi kuishi na tundu linalokwaruza. Dai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana, hata kama ni mwezi mmoja tu.

Halafu kuna jambo linaloniuma. Muuzaji atajitolea kukuwekea programu za kuhariri zilizovunjwa kufuli, bure. Kataa. Programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi vya kuiba mafaili na manenosiri, nawe utakuwa umehifadhi humo namba za watu waliokuamini na siri zao. Audacity ya sauti, LibreOffice ya maandishi, na Shotcut au DaVinci Resolve ya video zote zinapatikana bure kwa halali.

Laptopu yangu inakwama nikihariri video, na RAM ni GB 8. Ninunue nyingine? (Mwanafunzi, Mukono)

Usinunue bado, ndugu yangu. Ikiwa RAM yake haijachomelewa, iongeze ifike 16, kisha jifunze kutumia nakala nyepesi. Shotcut na Resolve zote zinaweza kutengeneza nakala ndogo za video zako. Unahariri hizo, na mwishoni programu inarudi kwenye video halisi. Hivyo ndivyo wahariri wengi wa kitaaluma hufanya kazi, hata wenye mashine ghali. Pia rekodi kwa ubora wa 1080p badala ya 4K iliyo nzito zaidi, isipokuwa mwalimu ametaka 4K.

Je, MacBook ndiyo bora kwa wanahabari? (Msomaji, Jinja)

Ni nzuri. MacBook Air yenye prosesa ya M1 ya mwaka 2020 bado inahariri video vizuri na betri yake inadumu. Lakini RAM yake haiongezeki, na ya mtumba iliyofungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza haikusaidii kitu. Kama fedha ni ya kubana, hela inayobaki ukichukua ThinkPad inunue maikrofoni ya kubana kwenye shati. Sauti mbovu huua mahojiano mazuri, na hakuna laptopu inayoifufua.

Kwetu umeme hukatika sana, na naogopa kupoteza kazi zangu. (Mwanafunzi, Koboko)

Kwa umeme, ThinkPad T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa. Unaweza kubadilisha ya nje bila kuzima mashine, kwa hiyo ukiwa na ya akiba iliyojaa, unaendelea kuandika.

Kwa kazi zako, saa moja ya video ya simu ya 1080p inaweza kula GB 8, na saa moja ya sauti safi ya WAV (isiyobanwa) inaweza kufika karibu GB 1. Google Drive inakupa GB 15 bure: weka humo maandishi na sauti za mahojiano muhimu. Video zikae kwenye diski ya nje isiyosafiri kwenye begi moja na laptopu, maana mwizi wa bodaboda huondoka na begi zima. Diski hiyo inunue siku ileile ya laptopu, kabla hela haijapata kazi nyingine.