Boriti Iliyonyooka Baada ya Moto Isikudanganye

Kila ninapokagua jengo lililoungua, haikosi mtu wa kuniuliza: "Boriti si imenyooka? Tufute masizi, tupake rangi, kazi iendelee." Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi hoja hiyo ina mashiko. Kikifika nyuzi 600 za Selsiasi hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake, kwa hiyo kilichozidiwa na joto huku kimebeba mzigo aghalabu hupinda. Kisichopinda, kikishapoa hurudisha karibu nguvu yake yote.

Chuma cha nguvu ya juu, kama cha daraja la S690, hakiendi hivyo. Nguvu yake imetengenezwa kwa joto: kiwandani kilipashwa, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini zaidi. Moto wa jengo ukilipita joto hilo la mwisho, kazi ya kiwandani huanza kufutika, na nguvu iliyopotea hairudi hata chuma kikipoa. Kama mzigo ulikuwa mdogo wakati wa moto, boriti itabaki imenyooka kabisa huku imedhoofika. Wala haihitaji moto wa siku nzima. Katika jaribio sanifu la ISO 834, la kupima sehemu za jengo zinavyostahimili moto, joto la tanuri hufika takriban nyuzi 840 kwa nusu saa.

Mimi huanza na bolti. Zile za madaraja ya nguvu ya 8.8 na 10.9 zimepitia njia hiyohiyo ya kupashwa na kupozwa, na kwenye nyuzi 600 hubaki na kama moja ya tano tu ya nguvu. Futa masizi kwenye kichwa cha bolti iliyopakwa zinki. Ukikuta zinki imetiririka na kuganda tone pembeni mwa nati, joto lilipita nyuzi 420 hapo. Bolti hizo sizijadili, zote zitolewe.

Kwenye boriti, pima ugumu wa sehemu iliyoungua na sehemu ya boriti ileile ambayo moto haukuifikia, ulinganishe. Saga kwanza gamba la juu, maana linapotosha kipimo. Vipimo vikitofautiana, kata kipande kwa jaribio la mvutano, yaani la kukivuta hadi kikatike, mahali atakapoonyesha mhandisi. Tumia msumeno, si gesi: joto la gesi litaharibu kipande unachotaka kukipima. Na fundi asinyooshe chuma cha namna hii kwa kukipasha moto kabla majibu hayajatoka.